Maski ya Karao

"Pandisheni maski, mbele kuna karao!"

Kama ulipanda matatu katika nchi hii kati ya Aprili 2020 na Machi 2022, sauti hiyo unaijua. Makanga kaning'inia mlangoni, kaona sare ya bluu kwa mbali, kapiga bodi kofi mbili. Ndani ya gari, mzee aliyekuwa akisinzia, mama mwenye kikapu cha samaki, kijana mwenye visikizio masikioni, wote wanavuta vitambaa kutoka kidevuni hadi puani kwa mpigo mmoja, safi kuliko gwaride la Madaraka. Karao anachungulia. Makanga anamsalimia kwa mkono, na hamsini iliyokuwa ndani ya mkono ule haionekani tena. Gari linaondoka. Kabla dereva hajaingiza gia ya tatu maski zimeshashuka, na kuna mtu kiti cha nyuma anashusha pumzi na kusema, "Alhamdulillahi, tumepita."

Tumepita nini, lakini? Virusi, kama vilikuwemo, tumekwenda navyo. Vimeketi na sisi, madirisha yamefungwa kwa sababu ya mvua. Tulichokipita ni karao.

Nimekuwa nikiligeuza neno hilo kichwani tangu Machi 11, 2022, siku Waziri wa Afya wa wakati ule, Mutahi Kagwe, alipotangaza kwamba si lazima tena kuvaa barakoa mahali pa wazi. Mtaani kwetu Likoni hakuna aliyeshangilia. Utavuliwaje kitu ulichokwisha kukivua? Lakini tangu siku hiyo kuna hadithi mbili zimeanza kukomaa, na zote mbili zinanikera.

Ya kwanza husimuliwa na wakubwa, pamoja na wale wanaopenda kufikiri kama wakubwa: kwamba Mkenya ni mkaidi, aliambiwa akapuuza, akafundishwa akajifanya mjuaji. Ya pili husimuliwa barazani, kahawa mkononi: kwamba korona ilikuja ikatutazama ikaona si wa kuchezewa, kwa sababu Mwafrika ana kinga. Ukizisikiliza haraka utadhani hizi mbili zinapingana. Mimi naona ni ndugu wa tumbo moja. Ya kwanza inamwondolea lawama aliyetoa amri, ya pili inamwondolea lawama aliyeikwepa. Na katikati yao kuna watu walikufa ambao hakuna upande unaotaka kuwazungumzia.

Niseme mapema kwamba mimi si daktari. Hata digrii sina. Niliacha chuo mwaka wa tatu, masomo yalipohamia mtandaoni na bando langu likawa linaisha kabla mhadhiri hajamaliza kusalimia. Nikarudi nyumbani Likoni nikaanza kuandika vibarua, chochote kinacholipa. Na kibarua changu cha kwanza cha maana kilikuwa hiki hiki: kuandika meseji za kuhimiza watu wavae maski. Shirika moja, ambalo sitalitaja kwa sababu bado nakula, lilitaka meseji za simu zisizozidi herufi 160. "Vaa barakoa. Nawa mikono. Kaa mbali. Okoa maisha." Nilizigeuza hivyo na vile, shilingi mia tano moja. Nikiziandika, maski yangu ilikuwa kidevuni. Kwa hiyo nikisema "sisi" humu ndani, simaanishi nyinyi.

Haya. Ukaidi.

Mkaidi ni mtu aliyeelewa akakataa. Sisi tulielewa nini? Nitakuambia tulichoelewa, na siku tuliyoelewa naikumbuka: Ijumaa, Machi 27, 2020, siku ya kwanza ya kafyu. Kafyu ilikuwa ianze saa moja jioni. Saa kumi na moja hivi watu wamejaa kwenye kivuko cha feri upande wa mjini, wametoka kazini, wanataka kuvuka waje kwao Likoni wafike kabla ya saa. Yaani walikuwa wanatii. Wakarushiwa vitoa machozi, wakapigwa marungu na mateke, wakalazwa chini wakilaliana. Video zile zilizunguka dunia nzima. Watu walioambiwa wasikaribiane walirundikwa kama magunia. Watu walioambiwa wasiguse uso walikuwa wanajikuna macho, wanakohoa, wanatema mate, kwa ajili ya afya ya umma. Usiku ule mtaani kwetu kila nyumba ilikuwa na mtu anayeosha macho kwa maji. Hakuna aliyezungumza habari ya virusi. Mazungumzo yalikuwa: kesho upitie wapi.

Siku tatu baadaye, Kiamaiko, Nairobi, mtoto wa miaka 13 alipigwa risasi akiwa kwenye roshani ya nyumba yao, polisi wakiwa kule chini wanatekeleza kafyu. Akafa. Siku ile, kwa hesabu ya serikali yenyewe, korona ilikuwa imeua mtu mmoja Kenya nzima. Ilipofika mwanzoni mwa Juni, IPOA, mamlaka inayowachunguza polisi, ilikuwa inazungumzia vifo 15 vinavyohusishwa na polisi tangu kafyu ianze.

Sasa wewe mwenye akili zako timamu, ukipewa maadui wawili, mmoja huonekani na hujamwona amemuua jirani yako, wa pili ana rungu na unamwona kila jioni pale kwenye kona, utajikinga na yupi?

Kisha ikaja maski yenyewe. Kanuni za Aprili 2020 zilisema ukikutwa hadharani bila maski, faini ni hadi shilingi 20,000 au jela hadi miezi 6, au vyote viwili. Shilingi elfu ishirini! Kuna watu mtaani kwetu hawajawahi kuishika elfu ishirini kwa pamoja tangu wazaliwe. Hakuna faini inayolipika kwa kiwango hicho. Kilichopo ni bei ya kuanzia majadiliano. Mimi mwenyewe nilijadiliana mara mbili. Mara ya kwanza mia mbili, ya pili mia, kwa sababu nilikuwa nimeshazoea. Askari wa mara ya pili naye maski yake ilikuwa kidevuni. Tukaangaliana. Hakuna aliyecheka.

Ikawa na karantini. Serikali ilitangaza kwamba wanaovunja kafyu watapelekwa karantini, na wengi waliowekwa huko miezi ile ya mwanzo walidaiwa bili ya kulala na kula. Fikiria hilo polepole. Karantini ni kitu cha kitabibu: umekaribiana na mgonjwa, kaa kando siku kadhaa tuone. Sisi tukafundishwa kwamba ni jela yenye bili. Nani basi atakayekwenda kupimwa kwa hiari yake? Ukisikia kifua kinakubana unanyamaza, unachemsha tangawizi na malimau, unasema ni mafua ya baridi. Watu hawakuficha ugonjwa kwa ujinga. Waliuficha kama mtu anavyomficha ndugu anayetafutwa na polisi.

Ndiyo maana nasema tulitii, tena tulitii sana. Tulifundishwa kwamba maski ni ya karao, tukamvalia karao. Mlangoni mwa supamaketi tukamvalia soja. Nimeona kwa macho yangu mtu anatoka dukani, anavua maski yake, anampa anayeingia, naye anaivaa ikiwa bado na joto la mdomo wa mwenzake, anaoneshwa kile kibunduki cha kupima joto kwenye kiganja, anaruhusiwa kuingia. Soja kaona kila kitu. Soja karidhika. Amri ilikuwa mtu asiingie bila maski, na kweli hakuna aliyeingia bila maski.

Kilichokosekana katika yote haya ni neno dogo tu: kwa sababu. Vaa, kwa sababu gani? Katika meseji zote nilizoandika sikuombwa hata mara moja kueleza. Niliwahi kujaribu. Niliandika kwamba mgonjwa anaweza kuambukiza kabla hajajijua ni mgonjwa, kwa hiyo maski yako inamlinda mwenzako kuliko inavyokulinda wewe. Ikarudishwa: ndefu mno, na "inachanganya ujumbe". Julai 2020 wanasayansi zaidi ya 200 duniani waliwaandikia Shirika la Afya Duniani wakisisitiza kwamba ugonjwa huu unasafiri hewani, ndani ya vyumba visivyopitisha upepo. Hapa kwetu tulikuwa bado tunapulizia dawa barabara. Barabara! Kila duka lina mtungi wa maji wa kunawia, nusu yake mikavu, lakini hakuna makanga hata mmoja aliyeagizwa kupaza sauti, "Fungueni madirisha." Matatu ya watu 14 iliruhusiwa kubeba 8, nauli ikapanda, na jioni ilipoingia wakabebwa 14 kwa nauli ile ile ya watu 8. Dirisha lingekuwa bure.

Nitakuambia nilivyojua kwamba watu wakielezwa huelewa. Ni kwa sababu ya Bibi.

Siku redio ilipoanza kusema "barakoa", Bibi yangu, mzaa mama, alicheka hadi akashika mbavu. Sisi mtaani tulisema maski, neno barakoa lilikuwa la taarifa ya habari. Kwake yeye barakoa ilikuwa kitu alichokiona utotoni usoni mwa mabibi wa Kiarabu wa Mji wa Kale, kile kifuniko kigumu kinachoziba uso na kuacha macho. "Ewe mume wangu," akaniambia, maana bibi zetu wa pwani hutuita hivyo sisi wajukuu wa kiume, "leo na wanaume wavishwa barakoa? Haya, na leso mutajifunga lini?"

Akakataa kuivaa. Amri ya redio haikumtisha. Alikuwa hatoki, na karao hakuwa anapita ukumbini kwake. Aliyembadili ni jirani yetu mmoja, muuguzi, aliyekuja jioni moja akaketi naye mkekani. Hakumtajia faini. Alimwuliza, "Bibi, ukifukiza udi chumba cha ndani, aliye ukumbini hausikii?" Bibi akasema ausikia. "Na ukifungua dirisha?" Wapungua. "Basi pumzi ya mgonjwa ndivyo inavyokwenda, ila hii haina harufu. Maski ni kama kukifunika chetezo." Yalikuwa maneno hayo tu. Wiki ile Bibi alichukua leso kuukuu akashona maski kumi na moja, za watu wote wa nyumba zetu mbili, kwa mkono, kila moja ina kipande cha maandishi ya leso yaliyokatika katikati hata hayasomeki. Tangu hapo ukiingia kwake dirisha liko wazi, mvua inyeshe isinyeshe, na yeye kajifunga maski yake hadi chini ya macho. Bibi alikuwa na sukari, alikuwa na miaka 74, madrasa alikwenda, shule hakwenda. Alipata sababu, akatosheka nayo.

Wakubwa je, walikuwa na sababu? Nadhani walikuwa nayo, waliambiwa na wataalamu kila asubuhi. Nao ndio walioendelea na mikutano ya BBI huku sisi tunazikana kwa idadi maalumu ya waombolezaji. Agosti 2020 nchi nzima iliona taarifa za jinsi hela za vifaa vya korona zilivyokwenda pale KEMSA, tenda za mamilioni kwa kampuni ambazo hakuna aliyewahi kuzisikia. Waliotoka kuandamana Nairobi mwezi ule ule walikutana na nini? Vitoa machozi. Desemba daktari wa miaka 28, aliyekuwa akiwahudumia wagonjwa wa korona, alikufa kwa korona bila kulipwa mishahara ya miezi kadhaa. Juni mosi 2021 sherehe za Madaraka zikafanyika Kisumu, uwanja mpya, wageni kutoka kila pembe, wataalamu wakiwa tayari wanapiga kelele kwamba kirusi cha Delta kiko pale. Juni 18 kaunti 13 za huko magharibi zikawekewa kafyu ya saa moja jioni. Mwenye sherehe alikwisha kurudi Nairobi. Na watu wa Kisumu ndio walioitwa wakaidi.

Sasa nigeukie upande wetu, maana tusijifanye malaika.

Mjomba wangu, mtoto wa Bibi, ana tuktuk. Ni mtu mzuri, ananipa lifti hata sina kitu, na nampenda. Lakini ndiye mhubiri mkuu wa kinga katika baraza letu. "Wazungu wamekufa kama kuku," husema, "sisi je? Tumekula vumbi tangu utotoni. Malaria tumeumwa, kipindupindu kimepita, mwili wa Mwafrika ushazoea. Hiyo korona ilifika Kenya ikashangaa." Watu hucheka, mwenye birika humwongezea kahawa.

Mjomba, shikamoo. Nakujibu hapa kwa sababu barazani huniachi nimalize.

Korona haikufika ikashangaa. Ilifika ikaingia. Wataalamu wa KEMRI kule Kilifi walichukua damu za watu waliotoa damu, zaidi ya 3,000, kati ya mwisho wa Aprili na katikati ya Juni 2020, wakatafuta ndani yake alama ambazo mwili huziacha baada ya kupigana na kirusi hiki. Walizikuta kwa watu kama 4 au 5 katika kila 100, na Mombasa yetu ilikuwa juu, kama 8. Wakati huo waziri anasoma runingani kwamba wagonjwa nchi nzima ni kama 2,000. Piga hesabu hata ya dukani: hao ni zaidi ya watu milioni moja ambao hakuna aliyewahesabu. Walipopima tena damu za Januari hadi Machi 2021, alama zilikuwa kwa karibu nusu ya watu, na Nairobi zaidi ya nusu. Kwa hiyo ile kinga unayojivunia ni kweli tunayo, Mjomba, ila hatukuzaliwa nayo. Tuliipata kwa kuugua. Tuliugua na kuambukizana, mabasini, misikitini, makanisani, matangani, na wengi hatukujua.

Mbona hatukuanguka barabarani basi? Sababu moja kubwa haina siri yoyote, wala haina uhusiano na vumbi. Sensa ya 2019 ilisema watu 75 kati ya kila 100 Kenya hawajafika miaka 35, na kirusi hiki huwabeba wazee. Nchi za Ulaya zina wazee wengi, sisi tuna vijana wengi. Ndiyo hiyo kinga ya Mwafrika: umri wa vijana. Kwa lugha nyingine, sisi vijana tulipona kwa sababu ni vijana, na ugonjwa ukapitia kwetu ukatafuta njia ya kwenda vyumba vya ndani walikokaa wazee wachache tulio nao.

Kiswahili chenyewe kinatuonya na neno hili. Kinga ni kizuizi, sawa, ndiyo ile ya kwenye mabango. Lakini kukinga pia ni kutega chombo chini ya paa ili maji yaingie. Na kuna kinga ya tatu, ile ya wahenga, kijinga cha moto: kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Kila nikisikia mtu anasema tuna kinga, nakumbuka hiyo ya tatu. Tuliweka kijinga juu ya kijinga, tukaota moto, tukasema hakuna baridi.

Na hata kinga hiyo ya kuugua haikuwa ukuta. Ingekuwa ukuta, Delta isingefanya iliyoyafanya katikati ya 2021, miezi michache tu baada ya nusu yetu kukutwa na alama zile. Chanjo ndiyo ingewafaa wazee bila kumpitisha mtu motoni kwanza, nayo dozi milioni moja na ushei za kwanza ziliingia Machi 3, 2021, kisha India ikazuia kuuza nje kwa sababu nako kulikuwa kunaungua, na sisi tukabaki tunahesabu mabaki. Mama alimpeleka Bibi mara moja. Walisimama hadi adhuhuri, wakaambiwa za leo zimekwisha, rudini wiki ijayo. Wiki ijayo hakuna aliyempeleka. Novemba mwaka ule serikali ilipotangaza kwamba kuanzia Desemba 21 asiyechanjwa hatahudumiwa, mpaka Mahakama Kuu ikaisimamisha amri hiyo, mimi nilicheka peke yangu. Hata chanjo walitaka kuifanya ya karao.

Lakini Novemba Bibi hakuwepo.

Idi ya kuchinja ya 2021 iliangukia mwezi wa Julai. Asubuhi ile nilikuwa na kikohozi kidogo, cha kawaida. Nilipofika kwa Bibi, Mjomba alikuwa ameshafika, naye anakohoa, anatania kwamba amekula mbuzi mbichi. Dirisha liko wazi. Bibi maski yake usoni. Akanipa mkono wa Idi, mimi maski yangu ya leso iko kidevuni, kwa sababu tulikuwa tunakula, na kwa sababu pale ndani hakukuwa na karao. Nilikula pilau sahani mbili. Katikati ya sahani ya pili niligundua kwamba sisikii harufu. Pilau ya Bibi, iliyokuwa ikisikika toka barabarani, haina harufu yoyote. Niliona ni kichekesho, nikawaambia. Tukacheka wote. "Hiyo ni husuda ya wapishi," Mjomba akasema. Nilikaa hadi magharibi. Niliandika meseji ngapi kuhusu dalili za korona? Ya kupoteza harufu nilikuwa nimeiandika mwenyewe, mwezi Mei, na nikalipwa.

Siku ya tano Bibi akaanza homa. Kipimo katika hospitali ya binafsi kilikuwa elfu kadhaa, na kwa hofu zile zile nilizozieleza hapo juu hakuna aliyekuwa na hamu ya jibu. Mama alisema ni nimonia, tangawizi, malimau, mafuta ya habasoda. Siku ya nane pumzi ikawa fupi. Tukampigia yule jirani muuguzi, naye alipomwona tu akasema atafutiwe hewa, na Mjomba akazunguka na tuktuk mji mzima kutafuta mahali penye kitanda na mtungi. Alirudi usiku, kaikwepa kafyu kwa mia tano. Bibi alikufa alfajiri. Tulimzika kabla ya alasiri, kama kawaida yetu.

Hakuna karatasi iliyoandikwa korona. Kwa hiyo katika vile vifo zaidi ya 5,600 ambavyo serikali ilivihesabu, Bibi hayumo. Hayumo na wangapi wengine, katika nchi ambayo wengi hufia nyumbani wakazikwa siku ile ile? Mtu akikuambia korona ilitushindwa, mwulize anahesabu kwa daftari gani.

Sijui kama ni mimi niliyempelekea. Huenda ni Mjomba. Huenda ni jirani aliyekuja kuomba chumvi. Nyumbani kwetu swali hilo halijawahi kuulizwa kwa sauti, na sidhani litaulizwa. Mjomba bado anahubiri kinga, na nadhani najua kwa nini anahubiri kwa nguvu zaidi siku hizi kuliko zamani. Wakikubali barazani kwamba tuliugua, itabidi mtu aulize nani alimwambukiza nani. Ndiyo maana simkatizi tena. Nilijaribu mara moja tu, mwezi wa Ramadhani uliopita.

"Mjomba, si tuliumwa sote wakati ule?"

"Tuliumwa tukapona."

"Wote?"

Aliinuka akaenda kuwasha tuktuk. Lifti aliendelea kunipa.

Wiki iliyopita shirika lile limeniandikia tena. Wanataka meseji kumi za kuhimiza watu wazima kuchanjwa dozi ya nyongeza, herufi 160, malipo yale yale. Nimewajibu kwamba nitaandika, na nikauliza kama safari hii naweza kutumia "kwa sababu". Ni herufi kumi, ukihesabu na nafasi ya katikati. Bado hawajajibu.